Mablanketi Matatu ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walikuwa na shule, na mwalimu wao alikuwa Kifaru. Kifaru huyo! Hata leo nikimtaja damu inanichemka. Kwake yeye, kuuliza swali kulikuwa utovu wa adabu.

Siku moja aliandika ubaoni: "Blanketi lina joto." Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nani hajawahi kujifunika akapata joto?

Pimbi, mdogo kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mbona blanketi likiwa kabatini ni la baridi? Joto ni letu wenyewe. Blanketi linalizuia tu lisitoke."

Chwa! Chwa! Fimbo ikamshukia mgongoni.

"Kijitu wewe, unanifundisha mimi? Kesho njoo uage, kisha nisikuone tena!"

Pimbi akarudi kwao na hasira. Mama yake alifinyanga vyungu mwaka mzima hadi akamnunulia sare moja ya shule.

Asubuhi akashuka mbio kutoka kwao mlimani, amebeba mapande mawili ya barafu yaliyolingana.

"Mwalimu, kabla sijaaga, tushindane. Chukua pande moja, nami moja. Barafu ya nani itayeyuka kwanza, huyo ndiye aondoke shuleni. Ila nakusihi, langu usilifunike blanketi! Nitakwisha mie!"

"Kha kha kha! Kumbe unajua!" Kifaru akacheka, akamgeukia Nyati, mmoja wa wanafunzi wake. "Nyati, lete blanketi, mfunikie lake! Lete la pili! Ongeza na la tatu!" Lake mwenyewe akaliacha wazi, lipate upepo.

Jua likapanda. To! To! To! Kabla ya kengele ya uji, pande la Kifaru lilikuwa tope tupu.

"Funua la Pimbi!" akanguruma.

Nyati akafunua. Lo! Barafu ile pale, ngumu, imepungua pembeni tu.

"Mablanketi haya mabovu!" Kifaru akakoroma.

"Mabovu?" Pimbi akafoka. "Umeona kwa macho yako na bado unabisha? Jana ulinichapa kwa neno la kweli! Tulikubaliana, mwalimu. Ondoka!"

Kifaru akatazama darasa, amtafute wa kumtetea. Nyati, aliyezoea kuitikia "Ndiyo, mwalimu" kuliko wote, akainuka, akaenda ubaoni, akafuta yale maneno. Kifaru akashika njia.

Basi jueni, wanangu: anayemchapa mwenye kuuliza hafundishi elimu, anafundisha woga.