Mlango wa Bi Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya wenye njaa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Na wewe uliyekaa mlangoni, sogea ndani, watu wapite.

Hapo zamani za kale, kabla bibi yangu hajaota meno, kulikuwa na Bi Kobe na jirani yake Nungunungu. Nungunungu ana miiba mgongoni. Akikaa mkekani, wenzake wanasogea. Akienda harusini, wanasogea. Bi Kobe peke yake hakusogea, maana gamba lake halichomeki. Basi Nungunungu akampenda Bi Kobe, akampenda mpaka akamwonea wivu. Akimwona anacheka na mwingine, roho inamuuma.

Siku moja Bi Kobe akashikwa na homa. Homa kweli kweli, gamba linatetemeka, ngwe ngwe ngwe. Habari ikaenea. Akaja Paa na bakuli la uji, maana jirani akiugua ana haki ya kutazamwa. Akamkuta Nungunungu uani, miiba imesimama, chakacha.

"Asalaam aleikum. Nimekuja kumtazama mgonjwa."

"Waaleikum salaam. Amelala."

"Nimwombee dua tu, niondoke."

"Amelala, nimekwambia."

Paa akaacha uji, akaenda zake. Akaja Kwale na asali. Amelala. Akaja Komba na ndizi mbivu. Amelala. Usingizi gani huo, jamani? Bi Kobe yuko macho ndani, anatazama ukuta.

Nungunungu akaingia na uji. "Kunywa, nimekupikia mimi."

"Ahsante. Paa hajaniulizia?"

"Hajakuulizia."

"Kwale je?"

"Hata Kwale. Una mimi tu, mwenzangu."

Na moyoni akafurahi. Sitaki kuwaficha, alifurahi.

Siku ya pili Bi Kobe akanywa nusu. Siku ya tatu akaonja tu. Siku ya nne akausukuma uji kando, akamwita Nungunungu karibu.

"Nikifa, waambie nimewasamehe. Kila alipougua mmoja wao nilikwenda. Ila mwendo wangu unaujua. Nilikuwa nafika mtu ameshapona, yuko shamba analima. Labda walidhani nafanya kusudi."

Nungunungu akautazama uji.

"Walikuja," akasema. "Walikuja wote. Uji wa kwanza ulikuwa wa Paa. Mimi niliwazuia pale uani. Niliogopa wakikuzunguka nitakosa pa kukaa."

Bi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Nungunungu akajua amempoteza. Kisha sauti ikatoka humo gambani, ndogo.

"Kawaite."

Akaenda, chakacha chakacha, nyumba kwa nyumba, akawaambia kwa mdomo wake alichofanya. Paa alimsema sana, na alistahili. Wakaja. Wakamwombea Bi Kobe shifaa, wakamchekesha, hawakukaa sana wasimchoshe. Bi Kobe akaomba uji, akamaliza bakuli, akalamba.

Walipotoka akauliza, "Nani yuko uani?"

"Mimi."

"Ingia basi."

"Sistahili."

"Siku nne uko hapa, Nungunungu. Wenzako wamekuja mara moja, na kila mmoja ameniuliza naumwa wapi. Wewe hujaniuliza."

Nungunungu akaingia, akakaa ubavuni mwa gamba, machozi yanamtoka.

"Unaumwa wapi, Bi Kobe?"

"Hapa," akasema Bi Kobe, akajigusa kifuani. "Lakini leo afadhali."

Basi sikieni. Mgonjwa si mali ya mtu. Kumtazama ni haki yake, na sisi sote tunapata thawabu. Anayemfungia mlango anamwongezea ugonjwa, hata kama anampenda. Na ukienda, muulize hali yake.

Ngano yangu imekomea hapo, kwa Bi Kobe. Na wewe wa mlangoni, bado hujasogea.