Shemboko Aliyesahau Hofu Yake

Sogeeni! Tumesogea! Na masikio? Tumeyaleta!

Basi zamani, wajukuu zangu, zamani ambazo mbuzi alikuwa hajajua kamba, palikuwa na ndugu wawili mlimani. Mkubwa, Shemboko, mtu wa majivuno. Mdogo, Hoza, mtu wa kunung'unika. Huyo hata asali ilimuuma meno.

Mwaka mmoja simba aliingia kijijini mchana kweupe. Shemboko akapanda ghala, akalia, "Mama! Mama!" mpaka watoto wachanga wakanyamaza kumsikiliza. Hoza akashika kijinga cha moto, akamfukuza simba huku akiimba. Akiimba, nasema! Akarudi akicheka.

Miaka ikaenda, ikaenda. Simba akanguruma tena bondeni. Wazee wakauliza, "Nani alinde lango?"

"Mimi," akasema Shemboko. "Mwaka ule sikuona hofu hata chembe. Ghalani nilipanda ili nimtazame vizuri."

Msicheke. Hakuwa akidanganya, aliamini! Huo ndio upumbavu wenyewe.

"Nawe, Hoza?"

"Mimi? Mwaka ule nilikufa nikiwa hai. Tangu nizaliwe sijaonja siku ya raha."

Jirani yao, Mangazi, akasimama. "Wazee wangu, huyu alilia, yule aliimba. Nilikuwepo."

"Kaa chini, mama. Moyo wa mtu anaujua mwenyewe."

Wazee hao! Mvi tele, akili haba. Wakampa Shemboko lango.

Simba akaja jua likiwa bado juu. Shemboko akautupa mkuki majanini, akaliacha lango wazi, mbio hadi ghalani. Mangazi alikuwa akiingiza ndama wake. Simba akamrarua bega. Ni Hoza aliyechomoa kijinga jikoni, akamwendea mnyama kwa wimbo, mpaka simba akamwachia mama wa watu na kutokomea.

Kesho yake wote wakaja kumjulia hali Mangazi. Mkono wake haukuinuka tena, hadi kufa.

"Jana nilitulia kama maji mtungini," akasema Shemboko.

"Jana nilitetemeka mwanzo hadi mwisho," akasema Hoza.

Mangazi akawageuzia mgongo.

Mnaona, wajukuu? Mwenye majivuno hukumbuka ushujaa, mnung'unikaji hukumbuka mateso, na kila mmoja huapa. Ukitaka kuujua moyo wako wa jana, muulize aliyekuona. Na akikujibu, usimwambie akae chini.

Nimesema, mmesikia. Anayetaka kubisha, akabishane na bega la Mangazi.