Bi Pimbi Aliyeuliza Shimo Ni la Nani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wangapi? Nyie wa karibu na mlango sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kila siku mnaniuliza, "Shangazi, kule ofisini unafanya kazi gani?" Leo nitawajibu. Na watu wazima wasikilize, maana hata wao hawajui.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde lililozungukwa na mawe makubwa. Lango lake lilikuwa moja tu, upenyo kati ya majabali mawili. Juu ya jabali alikaa mlinzi. Hakuwa simba. Hakuwa kifaru. Alikuwa Bi Pimbi, kanyama kadogo, hakana pembe, hakana hata mkia. Shomari, usicheke. Mimi mwenyewe mnaniona, sikujaliwa urefu, na kazi yangu naifanya.

Kazi ya Bi Pimbi ilikuwa kupokea wajumbe. Mjumbe akifika, hutaja aliyemtuma. Bi Pimbi humpa maji, kisha hupiga mluzi, fyuuu! Wanyama wote huacha shughuli zao na kuja kusikiliza. Mjumbe haulizwi kitu kingine. Watu wa bonde walikuwa na adabu sana, na kumhojihoji mgeni waliona ni aibu.

Adabu hiyo Kicheche akaijua. Kicheche ni yule mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anayenuka hadi nzi wanamkwepa. Alikaa nje ya bonde, upande wa mashariki, na alipenda sana mayai ya Bi Kanga. Akakusanya panya. Akawafundisha maneno. Akawatuma.

Tiki tiki tiki, panya akafika langoni. "Nimetumwa na Twiga! Twiga anagawa dawa ya kurefusha shingo!"

Fyuuu! Wanyama wakatoka mbio. Wakaenda, wakazunguka, dawa hakuna. Sungura akarudi na shingo yake ileile.

Tiki tiki tiki, panya mwingine. "Nimetumwa na Tembo! Mmeshinda zawadi! Njooni upesi, leo ndio mwisho!"

Fyuuu! Wakatoka mbio. Zawadi hakuna. Waliporudi, Bi Kanga akakuta kiota chake kitupu, na harufu mbaya imebaki pale. Akalia siku nzima. Bi Pimbi alimsikia kutoka juu ya jabali, na ikamuuma, maana mluzi uliomtoa Bi Kanga kiotani ulikuwa wake.

Nyati, mkubwa wa bonde, akaja langoni amekasirika. Puu, puu, puu! "Bi Pimbi, ziba hili lango. Asiingie mjumbe yeyote."

"Nikiliziba, kiangazi tutajuaje maji yako wapi?" akauliza Bi Pimbi. "Kila mwaka si Mzee Nungunungu anayetuletea habari?"

Kweli, kila kiangazi kisima cha bonde hukauka, na Mzee Nungunungu, anayeishi nje huko, ndiye hutuma mjumbe kusema bwawa lipi bado lina maji.

"Basi fanya unavyojua," akasema Nyati. "Panya mwingine akitudanganya, nalisukumia jabali mwenyewe."

Bi Pimbi akakaa, akafikiri. Akaangalia chini. Langoni pamejaa vumbi, na kwenye vumbi pana nyayo. Akasema, "Ala! Mdomo wa panya unaweza kutaja jina lolote. Lakini miguu yake imeacha alama kutoka huko huko alikotoka."

Akamwita jirani yake Bi Digidigi, mwenye mbio kuliko wote. "Dada, mjumbe akija, wewe fuata nyayo zake kinyumenyume mpaka shimo alilotokea. Kisha nenda kwa Mhanga, umuulize, shimo hili ni la nani?"

Mhanga mnamjua? Ndiye mchimbaji. Mashimo yote ya nchi ile aliyachimba yeye. Akishachimba, huhamia kwingine, na anayeingia humtajia jina. Mhanga halisahau.

Basi panya akaja. "Nimetumwa na Tembo!"

"Karibu, kunywa maji, subiri," akasema Bi Pimbi.

Bi Digidigi akaondoka, pyu! Akafuata nyayo, akamuuliza Mhanga, akarudi. "Mhanga anasema shimo lile ni la Kicheche."

Bi Pimbi akamgeukia panya. "Unasema umetumwa na Tembo, nyayo zinatoka kwa Kicheche. Rudi ulikotoka!"

Siku ya kwanza wakarudishwa panya arobaini. Siku ya pili, sitini. Mluzi haukulia bure tena. Bi Kanga akaatamia mayai mapya kwa utulivu, na Bi Pimbi akatembea juu ya jabali kifua mbele. Na kwa nini asijivune?

Lakini Kicheche naye hakulala. Akahamia shimo jingine hukohuko mashariki, akaenda nyumbani kwa Mhanga mchana, Mhanga akiwa usingizini kama kawaida yake. Akakaa mbali, upepo usipeleke harufu, akaita kwa sauti ya kizee. "Mhanga ee! Shimo la mashariki nimelichukua mimi, Nungunungu!"

"Mmh, nimesikia," akajibu Mhanga humo ndani, akageukia ubavu wa pili. Akalishika jina hilo.

Kiangazi kikaingia. Kikawa kikali. Kisima kikabaki tope, tope likabaki vumbi. Ndama wa Nyati alikuwa hasimami sawasawa, anasimama, anaanguka. Nguvu za wanyama zilibaki za safari moja tu. Wakienda kusiko na maji, ndama harudi.

Siku hiyo wakafika wajumbe wawili.

Wa kwanza, panya, tiki tiki tiki. "Nimetumwa na Mzee Nungunungu! Maji yako mashariki!"

Wa pili, Kobe, koto, koto, koto, ametembea siku tatu. "Nimetumwa na Mzee Nungunungu. Maji yako magharibi."

Jina moja, njia mbili! Wanyama wakatazamana.

"Karibuni, subirini," akasema Bi Pimbi. Kobe akatoa macho. "Hata mimi, Bi Pimbi? Tumecheza wote utotoni!"

"Hata wewe, kaka. Sura yako naijua. Ulikotoka sijapajua."

Bi Digidigi akaenda, pyu! Akarudi anahema. "Shimo la panya, Mhanga anasema ni la Nungunungu. Shimo alikotoka Kobe, Mhanga anasema hana jina lake."

Loo! Wanyama wakapiga kelele. "Mashariki! Mashariki! Umesikia mwenyewe, Bi Pimbi!" Nyati akamnyanyua ndama wake kwa pua, tayari kwa safari. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba kwa aibu.

Maswali ya Bi Pimbi mwenyewe yalikuwa yamemwangusha rafiki yake. Lakini akaruka, akasimama katikati ya lango, mbele ya kwato za Nyati.

"Bado swali moja! Mhanga ametuambia shimo lina jina gani. Hatujamuuliza mwenye jina anakaa shimo gani. Bi Digidigi, nenda kwenye mashimo yote mawili. Simama mlangoni, mwite Nungunungu. Aliyepo ataitika."

"Mwanangu anakufa!" akanguruma Nyati.

"Ndiyo maana nauliza, Mzee. Ukitaka kupita, nikanyage."

Nyati akamtazama yule mdogo. Hakumkanyaga.

Bi Digidigi akaenda mashariki, pyu! "Hodi! Mzee Nungunungu!" Kimya. "Hodi!" Harufu ikampiga puani, akakimbia.

Akaenda magharibi. "Hodi! Mzee Nungunungu!"

"Niko, mama!" Chaka-chaka-chaka, miiba ikatoka kwanza, Mzee akafuata. "Kobe amefika?"

"Amefika, ila Mhanga halijui shimo lako."

Mzee akajipiga paji la uso. "La zamani liliporomoka, nikahamia hapa. Sikumwambia Mhanga. Niliona ni jambo dogo!" Akaenda mwenyewe, akamwamsha Mhanga mpaka akafumbua macho, akamtajia jina uso kwa uso. Mhanga akamwona, akaona haya kwa kusajili sauti bila kuona uso. Akalifuta jina la Mzee kwenye shimo la mashariki.

Bi Digidigi akarudi na habari zote. Bi Pimbi akamtazama panya, na panya alikuwa ameshatoroka. Akamwinamia Kobe. "Pita, kaka. Nisamehe." Kisha akapiga mluzi, fyuuu! Bonde zima likasikia. "Magharibi!"

Wakaenda magharibi. Wakakuta bwawa limejaa, linang'aa. Ndama wa Nyati akaingiza mdomo, akanywa, akanywa, akasimama kwa miguu yote minne. Nyati akalia mbele ya watu.

Kesho yake mjumbe akafika langoni, ndege shomoro, kwa miguu maana alikuwa amechoka kuruka. "Nimetumwa na Nyati! Anasema Bi Pimbi aje anywe maji, akae pa mbele!"

"Karibu, subiri," akasema Bi Pimbi. Akamtuma Bi Digidigi afuate nyayo.

Bi Digidigi alipofika bwawani kumhoji Nyati, wanyama waliogopa. Nyati akacheka mpaka maji yakatikisika. "Mnaona? Hata mimi ananihoji! Huyo ndiye mlinzi wetu!"

Sasa mmeijua kazi yangu. Barua pepe zinapofika kwenye seva yetu, ile kompyuta inayopokea barua zote za ofisi, kila mashine iliyozileta ina namba yake, kama nyayo. Seva yangu inauliza daftari la majina, ndilo Mhanga wetu, namba hii ina jina gani? Kisha inageuza, na jina hili lina namba gani? Majibu yakikubaliana, barua inapita. Yasipokubaliana, inabaki nje na dawa zake za shingo. Na aliye mkweli akihama, akaandikishe jina lake mapema, asimtese Kobe.

Funzo ni hili: usimwamini mtu kwa jina alilotaja tu, uliza ametoka wapi, tena uliza mara mbili, na usione haya hata mbele ya mkubwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, langoni, juu ya jabali. Atakayeipeleka kwingine aseme ameitoa kwa Shangazi, na wakija kuniuliza, nitaitika.