Tangi la Mishi

Mishi alikuwa anahama, akawa anauza tangi lake la samaki wa baharini. Bwana Salmini, tajiri wa mahoteli, alilipia kioo, kisha akakipiga makofi. Samaki wote wakakimbilia ndani ya mawe ya matumbawe.

"Mawe silipii, yamejaa pwani," alisema. "Samaki nitalipia ninaowaona tu."

"Na usivyolipia ni vyangu?"

"Vyako. Vichukue, ukiweza!" Salmini alicheka.

"Haya, bwana. Umesema mwenyewe."

Mishi alikunja mikono ya dera, akachota maji ya tangi kwenye ndoo, akayahamishia humo mawe yote, samaki wangali wamejificha ndani yake.

"Sasa mimi nimebaki na nini?" alifoka Salmini.

Mishi alimwonyesha konokono aliyeganda kwenye kioo.

"Huyo unamwona," alisema. "Mlipie."