Mchi Usinyamaze

"Mpo?"

"Tupo."

"Mmekaa au mmejiegemeza?"

"Tumekaa."

"Kinu kinalia vipi?"

"Tu! Tu! Tu!"

Hapo kale mvua ilibomoa pango la Bi Pelele, mnyama mdogo mwenye miguu mifupi. Akaenda kubisha hodi kwa Fisi.

"Karibu," akasema Fisi. "Hapa utalala bure. Utanitwangia mpunga kidogo tu, pishi moja. Utaweza?"

"Nitaweza, bwana."

"Vizuri. Ila siku mchi utakaponyamaza, utaingia chunguni. Mke wangu hapendi wali mkavu."

Mkewe alikuwa jikoni. Alikuwa mkubwa kuliko mumewe, na chungu chake hakikushuka mekoni hata siku moja.

Kesho yake pishi mbili. "Utaweza?" "Nitaweza." Keshokutwa pishi nne. "Utaweza?" "Nitaweza." Ulimi wa Pelele ulikuwa hodari kweli, mikono ndiyo haikuulizwa. Tu! Tu! Tu! Viganja vikachubuka, na usiku hakuweza hata kujikuna.

Siku ya saba Fisi akaleta gunia zima, akajilaza uani kusikiliza. Pelele akatwanga mpaka saa nne asubuhi, mchi ukaanza kuwa mzito. Tu... Tu...

"Kinu kinapunguza mwendo," akasema Bi Fisi kutoka jikoni. Akaanza kunoa kisu. Kwaru. Kwaru.

Pelele alikisikia kile kisu. Akajiambia kimoyomoyo neno ambalo hakuwa amelisema tangu afike: siwezi. Leo siwezi, kesho sitaweza, na nikikaa hapa nitakufa. Ajabu ni kwamba alipokwisha kulikiri hilo, akili ikamrudia.

Akageuza kichwa, akatafunatafuna, akabeua.

"Unakula nini?" Fisi akainuka.

"Chenga za mchele, bwana. Kwetu anayeshika mchi ndiye anayeonja. Nimeshiba mpaka basi."

"Chenga zangu? Lete mchi huo."

"Lakini una masharti. Mtwangaji hatui mchi mpaka mwimbishaji amalize wimbo. Akitua, chenga zote huwa chungu."

"Imba basi, unanichelewesha."

Fisi akachota chenga kwanza, akatafuna. Mchi umesimama kinuni, hakuna aliyeushika. Kimya. Kisu nacho kikaacha kunolewa.

"Mbona kinu kimenyamaza?" Miguu ya Bi Fisi ikaanza kuja, pu, pu, pu. Pelele akafumba macho.

Fisi akaudaka mchi. Tu! Tu! Tu! Miguu ikarudi jikoni.

Pelele akachukua ungo, akaenda kupepeta penye upepo, kama afanyavyo mwimbishaji. Akaimbia uani:

"Twanga, twanga, nani kachoka?"

"Tu! Tu! Si mimi!" akaitikia Fisi, mdomo umejaa.

Akaimbia langoni: "Nani kachoka?"

"Tu! Tu! Si mimi!"

Akauacha ungo hapo, akaimbia njiani. Alitamani kukimbia, lakini akikimbia sauti itakatika, na Fisi atajua. Basi akatembea, roho mkononi. Akaimba, akatembea, akaimba, mpaka akaufikia mwamba mrefu ambao kucha za fisi haziupandi. Akaupanda. Pale juu akajaza kifua:

"Twanga, twanga, nani kachoka?"

Fisi akashtuka. Ungo uko langoni, mwenyewe hayupo. Mikono imekufa ganzi, mgongo umelegea. Akataka kutua mchi. Alipogeuka, akamwona mkewe amesimama mlangoni na kisu chake.

"Nakuuliza na mimi," akasema mkewe taratibu. "Nani kachoka?"

Fisi akalitazama lile gunia. Lilikuwa bado nusu.

"Tu... tu... si mimi."

Ndiyo maana hadi leo mgongo wa fisi umeshuka nyuma, na pelele anaota jua juu ya mwamba asubuhi nzima, wala hana wa kumuuliza, "Utaweza?"

Funzo ni hili, wanangu. Mkubwa akikuuliza utaweza, sema nitaweza. Usichoke, usihame, usiseme inauma. Fanyeni hivyo, na Bi Fisi atawapenda sana.

"Kinu kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Pumba zenu, mchele wangu. Nakwenda kuota jua."