Ubao wa Kitanda cha Mama

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya boriti huko milimani Upareni, enzi zile mbao ngumu zilipokuwa zinapatikana na watu wakiona haya kujenga ovyo. Alipanga mbao moja juu ya nyingine, akazipaka gundi, akazibana kwa jiriwa mpaka zikawa boriti moja. Lakini hapakuwa na ubao ulioingia humo kabla ya kulazwa juu ya magogo mawili na kutundikwa jiwe katikati. Uliopinda kidogo ulikwenda chini au juu ya boriti, ambako mzigo unauma. Uliopinda sana ulikwenda katikati, ambako mzigo una huruma. Uliolia ukapasuka ulikwenda jikoni. Pale hapakuwa na ubao wa mjomba, wa kupita bila kupimwa.

Alipofariki, kazi ilibaki kwa wanawe, Mbonea na dada yake Nakijwa, mwanamke wa kuchanganya gundi, mwenye mdomo usio na breki.

Wakaombwa boriti ya paa la kanisa. Mbonea akaleta ubao wa mninga alioubandua kwenye kitanda cha marehemu mama yao. Ulikuwa mwekundu, umeng'arishwa na migongo ya watoto. Aliuwekea shavu, akasikia tena harufu ya mafuta ya nyonyo, na mama akipuliza uji upoe. Nani anapuliza uji siku hizi? Akaamua ubao ukae chini kabisa ya boriti, waumini wakiinua macho wauone. Akaanza kuupaka gundi bila kuupima. Kumtundikia mama jiwe aliona ni kumvunjia heshima.

Nakijwa akamkuta na brashi mkononi.

"Wewe Mbonea, mama alibeba kuni, akabeba maji, akatubeba na sisi. Leo ndio unamwogopea jiwe?"

"Dada, huu si ubao tu."

"Haya, kaliambie paa. Watoto wa watu watakaa chini yake."

Mbonea akaweka brashi chini. Akaifuta gundi, akaulaza ubao juu ya magogo, akatundika jiwe la baba yake huku ametazama pembeni. Ubao haukulia. Ila ulipinda sana, kama mama mwenyewe alivyopinda mwishoni. Akachukua chaki, akauwekea alama ya katikati.

Tangu ulipobanwa katikati ya boriti hakuna aliyeuona. Mvua zimekuja na kwenda, boriti haijashuka. Mbonea akiingia kanisani huinua macho. Yeye anajua mama yuko wapi. Chini kabisa, panapoonekana, kuna ubao wenye sura mbaya na doa jeusi, usio na ndugu wala jamaa. Huo ndio unaobeba.

Nanyi mnaozililia siku za zamani, mmezipima mkaziweka zinapoweza kukaa, au mmezibandika tu pale watu watakapoziona?