Jina la Mtoto wa Atupele

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na jibu la aliyelala silipokei.

Huko Tukuyu, kwenye milima na mvua, Atupele aliolewa na Lusajo, fundi baiskeli, akawakuta mawifi watatu. Mambo ya mawifi mnayajua. Lakini hawa walikuwa na vipaji. Subilaga, mkubwa, alikuwa seremala; ubao uliowashinda wanaume, kwake ulinyooka. Tusekile, wa kati, alijua kuomba. Angekuomba kiatu ulichovaa, ukavua na kumshukuru juu yake. Gwantwa, mdogo, alijua kukataa. "Hapana" ilimtoka kwa raha, kama wengine wanavyosema "karibu".

Miaka saba Atupele hakupata mtoto. Wa nane akashika mimba, na furaha ikamlegeza ulimi. Kila wifi aliyekuja kumpongeza alimnong'oneza, "Wifi, nisaidie kumwandalia chumba. Akiwa wa kike, nampa jina lako." Alimwambia hivyo Subilaga. Akamwambia Tusekile. Na Gwantwa naye, Mungu amsamehe, akamwambia vilevile.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya spea za baiskeli, na pesa yote ilikaa kwenye bahasha moja nyembamba.

Subilaga alitoa minyororo na matairi nje. Akabomoa kabati kuukuu lililoliwa na mchwa upande mmoja, na kwa mbao za upande uliosalimika akaunda kitanda cha mtoto. Vipande vilivyobaki akazibia nyufa za dirisha na mlango. "Hebu washa kibiriti hapa," alimwambia kaka yake. Moto haukutikisika.

Tusekile alipita nyumba kwa nyumba. "Mama Ambakisye, mwanao siku hizi anacheza mpira. Zile nepi unamtunzia nani?" Alirudi na nepi, chandarua, beseni, blanketi mbili, na furushi la nguo ndogo mno kutoka kwa mama mmoja wa mapacha. Atupele akacheka. "Hizi si za mwanasesere, wifi?"

"Weka tu," akajibu Tusekile. "Hazili ugali."

Gwantwa hakuleta kitu. Alishika kalamu na orodha ambayo Atupele aliinakili kutoka kwenye simu. "Kigari cha kumsukumia mtoto. Utamsukumia wapi, kwenye mlima huu? Hapana. Taa yenye nyota? Hapana. Zulia la manyoya? Alikojolee? Hapana." Atupele alinuna siku mbili. Bahasha ikarudi ndani ya Biblia na unene wake uleule.

Mwezi Mei, mvua haijakoma na baridi imeshaingia, uchungu ulianza mchana, wiki sita kabla ya siku yake. Barabara ilikuwa uji. Bodaboda zote zilikataa. Lusajo akachomoa bahasha, akakodi gari la kupanda tope, wakafika hospitali.

"Mngechelewa nusu saa tu," nesi aliwaambia, "sasa hivi mngekuwa mnalia."

Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Nguo za kawaida za wachanga zilimmeza. Zilizomkaa na kumtia joto ni zile za mapacha. Waliporuhusiwa, daktari akamwonya Atupele, "Upepo usimpige kabisa. Mapafu haya hayajakomaa." Na katika nyumba nzima ya Lusajo, pasipopita upepo palikuwa chumba kile tu.

Mtoto akanenepa mashavu. Hapo ndipo mawifi walipokutana kitandani pake, kila mmoja akimwita kwa jina lake mwenyewe.

"Subilaga mdogo!"

"Dada, unamwita nani?" akauliza Tusekile. "Huyo ni wajina wangu. Angevaa nini bila mimi?"

"Angevalia wapi, kwenye baridi ya stoo?"

"Na mimi je?" akasema Gwantwa. "Ningekubali ile taa yenye nyota, gari lingekodiwa kwa pesa gani?"

Kisha wote watatu wakamgeukia Atupele. Alitamani ardhi immeze. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomtesa, maana alijua wawili watarudi makwao na ahadi iliyovunjwa.

Leo ni Jumapili ya ubatizo. Mawifi wamesimama mbele ya kanisa bega kwa bega, vitenge sare, kila mmoja anatabasamu kwa uhakika. Msiniambie ampe majina yote matatu. Mchungaji huyu ni mkali, hubatiza kwa jina moja. Wala msiniambie ampe la bibi yake, maana hapo atakuwa amewakosea wote kwa mpigo.

Mchungaji ameshachovya vidole majini. Anamtazama Atupele, anauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Haya, wewe uliye macho: ungekuwa umembeba wewe, ungetamka jina la nani?